Inveta ya lori inalia, inazima au haiwaki: pa kuanzia kutafuta

Dereva mmoja alinifuata Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, foleni ya kuvukia Nakonde ikiwa haijasogea tangu jana yake. Mkononi ana inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha vifaa vya nyumbani. "Fundi, hii ya tatu mwaka huu. Nikichomeka jagi la chai tu, inalia halafu inazima." Mbili za mwanzo aliambiwa zimekufa, akanunua nyingine, na hii nayo alikuwa tayari kuitupa. Nikamwomba airudishe kebini, aifunge kama ilivyokuwa, ajaze maji kwenye jagi kisha awashe. Mimi nikashuka kwenye betri. Haikufika hata nusu dakika, waya ulikuwa umepata joto mwili mzima, na pale kwenye lagi ya chanya, kile kichwa cha chuma kwenye ncha ya waya, inapobana nguzo ya betri, kidole hakikuweza kukaa.

Nikaweka mita ya kupimia volti. Kwenye nguzo za betri, volti 23.8. Kwenye inveta, jagi likiwa bado linavuta, volti 20.4. Volti 3.4 zilikuwa zinapotelea njiani: 2.5 ndani ya waya wenyewe na 0.9 kwenye lagi ile moja iliyolegea. Inveta ilikuwa nzima. Hata zile mbili za kwanza huenda zilikuwa nzima, na fedha yake imekwenda.

Ndiyo maana naandika. Kwa magari ninayoyafungua, mara nyingi inveta inabebeshwa kosa la waya, la betri au la kiungo. Fundi akikwambia ununue mpya kabla hajaweka mita huku kifaa kinavuta umeme, mwombe kwanza apime. Kipimo kinachukua dakika tano.

Kwa nini lori linaumwa na jambo ambalo nyumbani hulisikii

Jagi la wati 1000 likiwa kwenye soketi ya nyumbani linavuta ampea 4 na kidogo. Wati hizohizo zikitoka kwenye betri za volti 24, ukiongeza na kile inveta inachokula yenyewe, zinavuta karibu ampea 50. Kwenye gari la volti 12 ni karibu 100. Tena inveta ina tabia moja ambayo lazima uijue: volti zikishuka, haipunguzi mzigo, inavuta ampea zaidi ili itoe wati zilezile. Kwa dereva yule wa Tunduma, volti ziliposhuka mpaka 20.4, ampea zilipanda zikafika 57 hivi. Ampea zikipanda, waya unapoteza zaidi. Waya ukipoteza zaidi, volti zinashuka tena. Inajizungusha hivyo mpaka inakata.

Waya aliofungiwa ulikuwa wa milimita 4 za mraba, ule wa kufungia soketi za nyumba, kutoka betri hadi kebini mita 5. Kumbuka umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za waya. Hapo hata ungemletea inveta ya bei gani, ingelia. Tulipoutoa na kuweka wa milimita 25 za mraba, upotevu wa njiani ulishuka hadi theluthi moja ya volti, na jagi likachemka.

Ile lagi nayo iangalie vizuri. Volti 0.9 ukizidisha kwa ampea 57 ni wati 50 na ushee za joto, zote zimekusanyika mahali pa ukubwa wa ukucha. Hilo ni joto la chuma cha kuunganishia kwa risasi, limewekwa chini ya sanduku la betri, karibu na plastiki, vumbi na grisi. Malori yameungua kwa kitu kidogo kama hicho.

Kabla hujagusa

Upande wa kutokea inveta unatoa volti 230, na volti hizo zinaua vilevile kama za nyumbani, hata kama zimetoka kwenye betri. Ukizima na kuchomoa, kapasita za ndani, vile vipande vinavyohifadhi umeme, bado zinaushika kwa muda, kwa hiyo kifuniko usikifungue papo hapo. Vua pete na saa ya chuma. Ukifungua betri, anza na hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa chesisi kwa bahati mbaya isitoe moto. Wenye matangi ya mafuta, inveta izimwe na kukatwa kwenye betri kabla hamjaingia sehemu ya kupakia au kushusha. Kwa hilo sina msamaha.

Kisha hakikisha unajua gari lako ni la volti ngapi. Scania, Howo, Actros na malori makubwa tunayoyaona barabarani ni 24. Kwenye magari madogo usibahatishe, na usihesabu betri tu ukaridhika, maana betri mbili zinaweza kuwa zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na gari likabaki la 12. Weka mita kati ya waya mnene unaokwenda kwenye stata na chesisi, usome. Inveta ya 12 ikifungwa kwenye 24 haiponi. Kapasita za ndani mara nyingi zimeandikwa volti 16 au 25, na gari likiwashwa zinapelekewa 28.

Haiwaki kabisa, hata taa haionyeshi

Pima kwenye nati za inveta yenyewe. Ukikuta sifuri, njia imekatika kabla: fyuzi ya karibu na betri, swichi kuu ya betri, au waya uliokatika ndani ya mpira pale unapopita chini ya kebini. Kebini ya lori hulalia mbele kila injini inapofunguliwa, na waya uliopitishwa bila kuachiwa ulegevu hunyooshwa kila mara hadi nyuzi za ndani zinaachana. Kwa nje mpira unaonekana mzima kabisa. Uvute kidogo kwa mkono. Mahali palipokatika hunyumbuka kama mpira mtupu.

Ukikuta volti 24 na bado haiwaki, usikimbilie kusema inveta imekufa. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo uzi mmoja tu uliobaki ndani ya waya unatosha kukuonyesha 24. Hizo mimi naziita volti hewa. Chukua balbu ya taa kubwa ya lori, ya volti 24 na wati 70, iunge kwenye nati za inveta pamoja na mita. Balbu ikiwaka kwa nguvu na mita ikabaki palepale, njia haijakatika. Balbu ikififia na mita ikaanguka hadi 15 au 9, umeshampata mwizi, na yuko kwenye waya. Balbu hii itakuonyesha njia iliyokatika au inayogusana kwa shida sana. Waya mwembamba kama ule wa Tunduma itaupitisha, maana yenyewe inavuta ampea 3 tu.

Kama njia ni nzima, muulize mwenye gari swali moja kwa upole: je, betri zilitolewa hivi karibuni? Watu wengi hugeuza chanya na hasi wakati wa kurudisha, kisha wanaona aibu kusema. Inveta nyingi zina fyuzi za ndani zilizounganishwa kwa risasi kwenye bodi, na ukigeuza nyaya zinaungua kwa sekunde moja. Mara nyingine fyuzi hufa peke yake na inveta ikapona, mara nyingine transista nazo zinaondoka. Hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki. Kubadilisha fyuzi tu na kuwasha kwa kubahatisha kunaweza kuongeza hasara.

Inveta ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara ina kisa chake. Fyuzi ya tundu hilo mara nyingi ni ampea 10 au 15, maana yake kwenye gari la 24 mwisho wako ni wati 240 au 360. Simu, kompyuta mpakato, sawa. Ukichomeka pasi, fyuzi itakatika, na ni haki yake. Usiweke fyuzi ya 30 wala usiviringishe karatasi ya sigara. Waya uliomo ndani ya dashibodi ulichaguliwa kwa fyuzi ile ndogo, na ukiondoa fyuzi, kitakachoungua ni dashibodi.

Inawaka vizuri, ukichomeka kitu inalia na kuzima

Hii ndiyo ya dereva wa Tunduma, na ndiyo inayoongoza. Ipime hivi, na uipime mzigo ukiwa unavuta, maana bila mzigo kila kitu kitaonekana kizima.

Mita iwe kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri. Kwanza pima betri, ncha za mita zikigusa risasi ya nguzo yenyewe, zisiguse klempu. Andika. Kisha pima kwenye nati za inveta. Andika. Ukitoa la pili kwenye la kwanza umepata kinachopotea. Mimi kwenye gari la 24 nakubali nusu volti, nikivumilia sana volti moja. Zaidi ya hapo natafuta kinapopotelea: ncha moja kwenye nguzo ya risasi, nyingine kwenye klempu inayoishika nguzo hiyohiyo. Panapaswa kuwa karibu na sifuri. Ukisoma 0.2 au zaidi, fungua, safisha kwa msasa mpaka risasi ing'ae, funga tena kwa spana hadi isizunguke kwa mkono. Endelea hivyo kiungo kwa kiungo: klempu na lagi, lagi na waya, waya na fyuzi, fyuzi na swichi. Upande wa hasi pia, tafadhali. Wengi huweka waya mzuri wa chanya, halafu hasi wanaibana kwenye bolti yoyote ya kebini yenye rangi. Kebini imekaa juu ya mpira, na njia yake ya kurudi kwenye chesisi ni kamkanda kadogo ka waya ambako hakakutengenezwa kwa ampea 50. Hasi ya inveta irudi kwa waya wake hadi kwenye betri, au hadi kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi karibu na pale hasi ya betri inapofungwa.

Kama upotevu ni mdogo na bado inalia, angalia betri yenyewe inaangukaje. Betri inayosoma 25 bila mzigo kisha inazama hadi 21 mara tu jagi linapowashwa, ina seli mbovu au imezeeka. Pima kila betri peke yake mzigo ukiwa umewashwa: ikiwa moja iko 12.1 na nyingine 9.6, umeshajua ya kutoa. Lakini usibadilishe moja tu ukaiacha kuukuu ipande pamoja na mpya, kwa sababu zinapitisha umeme uleule na ile dhaifu itaivuta mwenzake.

Na kama betri ni nzuri, waya mnene, viungo safi, basi mzigo umezidi. Maandishi ya wati kwenye boksi usiyaamini moja kwa moja. Mara nyingi ile namba kubwa ni ya kilele cha muda mfupi sana. Njia yangu ni kuhesabu fyuzi za inveta. Kama ni ya 24 na ina fyuzi tatu za ampea 20, jumla ni 60, mara 24 ni wati 1440 zinazoingia. Ukiondoa zinazopotea kwa joto, zinatoka kama 1200. Boksi likikwambia 3000, fyuzi zimeshakwambia kweli. Tena friji au kifaa chenye mota kinapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni mwake, kwa hiyo friji ya wati 100 inaweza kuishinda inveta ya 300.

Inalia usiku, asubuhi gari halipigi stata

Hapa naomba dereva anayesubiri siku nyingi kwenye foleni, iwe Tunduma au Kasumbalesa, asome polepole.

Betri mbili za N150, kila moja ikishika ampea-saa 150 (ampea mara saa, ndicho kipimo cha umeme uliomo), zikifungwa mfululizo, hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine, hazikupi ampea-saa 300. Zinakupa 150 kwa volti 24. Na ni betri za stata: zimetengenezwa zitoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha zijazwe. Ukizikamua hadi chini mara kwa mara, sahani zake zinaharibika na hazirudi. Kwa kazi ya inveta gari likiwa limezimwa, mimi naruhusu theluthi moja tu, yaani ampea-saa 50.

Sasa hesabu siku moja. Runinga ndogo na chaja za simu, wati 60 kwa saa 5: hiyo ni wati-saa 300. Feni ya wati 40 kwa saa 8: 320. Halafu inveta yenyewe, ikiwa imewashwa tu bila kufanya kazi, inakula kama wati 15. Kwa saa 24 ni 360. Umeona? Inveta iliyosahauliwa inakula kuliko feni iliyokupoza usiku kucha. Ukijumlisha vyote na upotevu wake, ukagawa kwa volti 24, unapata karibu ampea-saa 45. Theluthi yako karibu yote imekwisha kwa siku moja, na foleni ni ya siku tatu.

Watu wengi wanategemea alamu: "itanililia betri ikishuka." Inveta nyingi za 24 hulia kwenye volti 21 na kukata kwenye 20. Kwa mzigo mdogo kama feni, betri ikifika 21 imekwisha zamani. Stata itatoa mlio wa tiki tiki na utaanza kuomba mtu akushtue. Alamu ile inailinda inveta, haikulindi wewe. Nunua kivoltimita kidogo cha kuchomeka, kiweke mbele ya macho yako. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa na hakuna kinachovuta, 25.4 na zaidi betri imejaa; 24.8 ni kama robo tatu, 24.4 ni nusu, 24.0 imebaki kama robo. Ukiona 24.6, zima, na gari liungurume.

Kuungurumisha nako kuna namna yake. Injini ikiwa kwenye silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, alteneta inayochaji betri haitoi ampea zilizoandikwa kwenye kibati chake, inatoa sehemu tu. Dakika kumi hazirudishi kilicholiwa usiku kucha. Kwa anayeishi njiani, namshauri afunge betri ya pili ya kazi, ya aina inayostahimili kukamuliwa, yenye swichi au rilei (swichi inayojiendesha kwa umeme) inayoitenga na betri za stata injini ikizimwa. Na friji anunue ile ya volti 24 moja kwa moja, isiyohitaji inveta. Gharama yake inauma siku ya kununua, lakini betri za stata zinaacha kufa kila mwaka.

Betri moja inachemka, nyingine haishiki chaji

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu linafanywa na mafundi.

Dereva ana inveta ya volti 12, ya bei nafuu au aliyotoka nayo kwenye gari dogo. Gari ni la 24. Fundi anaifunga kwenye betri moja kati ya mbili, inawaka, kila mtu anafurahi. Baada ya miezi michache betri moja imekauka maji, imevimba, inatoa harufu ya yai bovu, na nyingine haishiki. Dereva analaumu duka la betri.

Kilichotokea ni hiki. Alteneta haizioni betri mbili, inaona jumla. Inapeleka hadi jumla ifike 28 na pointi, inatulia. Ile unayoikamua iko chini, kwa hiyo imefika 13.2 tu, na ili jumla itimie, mwenzake imesukumwa hadi 15. Kwenye volti 15 maji ya betri yanachemka na kupotea siku baada ya siku, na ile ya 13.2 haijai kamwe. Pima injini ikiwa inaunguruma, kila betri peke yake. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti, tafuta nani anakunywa kutoka katikati. Si lazima iwe inveta; redio ya volti 12 iliyofungwa hivyohivyo hufanya kazi ileile, polepole zaidi.

Tiba ni kuitoa kabisa na kuweka inveta ya 24. Kama lazima uwe na kitu cha 12, weka kibadilishi cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha, kinachovuta kwenye betri zote mbili. Kisha zichaji betri kila moja peke yake kwa chaja ya 12 kabla hujazirudisha mfululizo, la sivyo tofauti itabaki.

Inazima gari likiwa linakwenda

Hapa watu hushangaa, maana injini inaunguruma na chaji ipo. Pima kwenye inveta, mwombe mwenzako akanyage mafuta. Lori la 24 linapaswa kukaa kati ya 27.5 na 28.8. Ukiona 30 au 31, inveta inajikata kwa kujilinda, na inastahili shukrani: regyuleta ya alteneta, inayodhibiti volti zake, imeharibika, na taa, kompyuta ya gari na betri vyote viko njiani kuungua. Namba zikirukaruka, kaza nyaya za betri na ile ya alteneta. Kiungo cha betri kinachoachia wakati alteneta inachaji hutupa volti nyingi kwa ghafla kwenye gari zima.

Kwa sababu hiyohiyo, zima inveta kabla ya kupiga stata. Na gari likipelekwa kuchomelewa chesisi, inveta itolewe nyaya zake kwanza. Wachomeleaji wengi hawaulizi, ni juu ya dereva au utingo kukumbuka.

Inafanya kazi dakika ishirini kisha inakata, ikipoa inarudi

Joto. Angalia ilipolala. Nimezikuta chini ya godoro, ndani ya kabati la nguo, nyuma ya kiti zimefunikwa na blanketi. Feni yake ivute hewa, na matundu yasafishwe. Vumbi la barabara za udongo likichanganyika na mafuta linaganda kama ngozi juu ya chuma cha kupoza. Puliza kwa upepo wa kompresa, shikilia mapanga ya feni yasizunguke wakati unapuliza. Kama feni haizunguki kabisa hata ikipata moto, ni kitu cha bei ndogo kubadilisha.

Inveta iko sawa ila kifaa kinavuma, kinapata moto au kimekufa

Inveta za bei ya chini hazitoi umeme wa wimbi laini kama wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Zinatoa wimbi la ngazi, la kukatakata. Balbu za uzi, jagi na pasi havijali. Feni inavuma na kupata joto. Friji inapata taabu zaidi. Vinavyokufa haraka ni tochi za kuchaji na raketi za mbu, zile unazozichomeka ukutani moja kwa moja. Ndani yake nyingi hazina transfoma, zinapunguza umeme kwa kapasita, na wimbi la kukatakata linapitisha umeme mwingi mno kwenye kapasita ile. Zichaji kwa umeme wa kawaida au kwenye tundu la USB kama zinalo. Mashine za hospitali, kama ya kumsaidia mtu kupumua usingizini, ziende na inveta ya wimbi laini tu.

Na hapa kuna mtego wa mita. Ukipima kinachotoka kwenye inveta ya wimbi la ngazi kwa mita ya kawaida, unaweza kusoma karibu 180 ukadhani imeharibika. Mita za kawaida zinakadiria kana kwamba wimbi ni laini. Umeme halisi unaweza kuwa 230 kamili. Chomeka balbu ya uzi, ukiona mwanga ni wa kawaida, iache. Mita inayosoma kweli kwa mawimbi ya aina zote huandikwa TRMS usoni pake.

Redio ikitoa mvumo inveta ikiwashwa, sogeza nyaya za inveta mbali na waya wa antena, na nyaya za chanya na hasi ziende pamoja zimesokotwa.

Fyuzi kubwa inakatika, au cheche zinaruka ukifunga

Cheche moja kali wakati wa kugusisha waya wa mwisho ni ya kawaida: kapasita tupu zinajaa kwa mkupuo. Lakini inakula nguzo, na karibu na betri iliyotoka kuchajiwa kuna gesi inayolipuka. Mimi hufanya hivi: swichi ya inveta iwe imezimwa, hasi ya inveta (sisemi za betri za gari, hizo zimeshafungwa) imefungwa, kisha chanya yake naipitisha kwanza kwenye balbu ya volti 24 wati 21. Inawaka kidogo, inafifia, inazimika. Hapo kapasita zimejaa, nafunga waya kamili na hakuna hata cheche. Balbu isipozimika, ikabaki inawaka kwa nguvu, usifunge: aidha umegeuza nyaya au ndani kuna shoti. Balbu ya bei ndogo imekuokolea inveta.

Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 30, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya unaopita kwenye chesisi. Kwa wati 1000 kwenye 24 naweka ya ampea 60 au 80 na waya wa milimita 16 hadi 25 za mraba kulingana na urefu. Ikikatika, usiweke kubwa zaidi. Fuata waya kwa mkono, hatua kwa hatua, hasa unapopita kwenye tundu la bati bila mpira wa kinga. Mtikisiko wa barabara hukata mpira wa waya kama kisu. Unaponunua, kwaruza ncha ya waya kwa wembe: ukiona nyeupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa. Inapoteza zaidi, inalegea kwenye lagi, na kwa unene uleule haifai kubeba ampea zilezile.

Ni lini basi inveta yenyewe imekufa? Ni pale ambapo volti kwenye nati zake ni sahihi na hazishuki, hakuna kilichochomekwa, imepoa, na bado inalia au inakata fyuzi. Au unapoinusa ukapata harufu ya bodi iliyoungua, au ukiitikisa kitu kinagonga ndani. Dereva yule wa Tunduma nilimwambia akifika nyumbani azitafute zile mbili za kwanza kama bado hajazigawa. Nimemwachia kipande cha waya wa milimita 25 na balbu ya wati 21, azijaribu moja moja.